Kengele za Big Ben Zinapokosea: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Mlio

Mnara wa saa unapolia vibaya, watu huilaumu kengele kwanza, na mara nyingi huwa wameikosea. Kengele ni shaba iliyotundikwa, haijipigi, haihesabu, wala haijui ni saa ngapi, na kila inachokitenda imetendewa na nyundo, waya, gia na uzito unaoshuka polepole ndani ya mnara. Kwa hiyo fundi mwangalifu huanza kwenye mlio na kurudi nyuma hatua kwa hatua, na kengele yenyewe huichunguza mwisho kabisa, baada ya vyote vinavyoigusa kuthibitishwa kuwa vizima.

Mfano wangu ni Saa Kuu ya Westminster, jijini London, kwa sababu katika zaidi ya miaka 160 imepatwa na karibu kila kasoro inayoweza kuipata saa ya mnara, na kasoro hizo ziliandikwa vizuri. Jina Big Ben, ambalo wengi tunauita nalo mnara mzima, kwa asili ni la kengele kubwa peke yake. Mnara wenyewe tangu 2012 unaitwa Mnara wa Elizabeth. Anayetunza saa ya kanisa, au hata saa ya ukutani nyumbani inayoimba wimbo huohuo, anaweza kufuata njia hii akibadilisha vipimo tu.

Ujue kwanza mlio ulio sahihi

Huwezi kutambua kosa la wimbo usioujua. Mnarani mna kengele tano: nne ndogo za kulilia robo, na moja kubwa, Big Ben, ya kugonga saa. Hiyo kubwa ina uzito wa tani 13.7 na upana wa mita 2.7 kwenye mdomo wake, na nyundo yake ina takriban kilo 200. Hakuna inayobembea kama kengele za makanisa mengi, kwani zote zimetulia na hupigwa na nyundo kutoka nje.

Walioimba kwaya kwa solfa wataushika wimbo wa robo upesi. Una vifungu vitano tu vya noti nne nne: cha kwanza ni m r d s, cha pili d m r s, cha tatu d r m d, cha nne m d r s, na cha tano s r m d, ambapo d ni do, r ni re, m ni mi, na s ni sol ya chini. Robo ya kwanza huchukua kifungu cha kwanza. Nusu saa huchukua cha pili na cha tatu. Robo ya tatu huchukua cha nne, cha tano na kurudi kwenye cha kwanza. Saa inapotimia huimbwa cha pili, cha tatu, cha nne na cha tano, halafu Big Ben huanza kugonga kwa sauti ya do, oktava moja chini. Wimbo wa saa kamili huanza kabla saa haijatimia, kwa hiyo saa yenyewe hutimia kwenye pigo la kwanza la kengele kubwa. Anayelinganisha saa yake ya mkononi na noti ya kwanza ya wimbo atadhani mnara uko mbele ya wakati, ilhali uko sawa.

Idadi ya mapigo hufuata hesabu ya Kiingereza, yaani mapigo saba ni ile tunayoiita saa moja na mapigo kumi na mawili ni saa sita. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi aongeze tofauti ya majira: mapigo kumi na mawili ya mchana London ni saa tisa alasiri kwetu wakati wa baridi yao, na ni saa nane mchana katika miezi ambayo Uingereza husogeza saa zake mbele. Malalamiko mengi kwamba kengele imekosea hesabu huishia hapa.

Kengele zote zimenyamaza

Kabla ya kupanda ngazi 334 zinazofika kwenye kengele, uliza kama kimya ni cha makusudi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kengele zilinyamazishwa kwa miaka miwili. Tarehe 21 Agosti 2017 zilinyamazishwa tena kwa ajili ya ukarabati mkubwa, ili masikio ya mafundi waliofanya kazi karibu nazo yasiumie, na isipokuwa katika siku chache maalumu hazikurudia kazi yake ya kila siku hadi 13 Novemba 2022.

Kama kimya hakikukusudiwa, tazama mishale ya saa. Mtambo wa Westminster, kama mitambo mingi ya minara, una misururu mitatu ya gia inayojitegemea: mmoja unaendesha mishale, wa pili unaendesha wimbo wa robo, na wa tatu unagongesha saa. Kila mmoja una chuma chake cha uzito kinachouvuta. Mishale ikiwa inatembea na kengele zote zimenyamaza, usiiguse pendulamu, kwa kuwa haina kosa. Robo zikilia na Big Ben ikanyamaza, tatizo liko katika msururu wa tatu au katika nyundo kubwa na waya wake. Mishale na kengele vikisimama pamoja, basi anza na msururu wa mishale, maana ndio unaozifungulia ile miwili mingine zamu zake.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni saa kutotiwa ufunguo. Westminster, msururu wa mishale hutiwa ufunguo kwa mikono mara tatu kwa wiki, lakini misururu ya kengele, ambayo hula nguvu nyingi zaidi, huvutwa na mota ya umeme tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Katika mnara wowote wa namna hiyo, umeme ukikatika kengele hazinyamazi papo hapo, bali huendelea mpaka chuma cha uzito kifike chini. Kwa hiyo fundi anayekuta kimya asubuhi, huku taa zinawaka, asiridhike na taa hizo. Aulize juu ya umeme wa jana.

Kengele zinalia vizuri lakini si kwa wakati

Hapa swali la kwanza ni kama mishale nayo imekosea kwa kiasi kilekile. Mishale ikiwa sawa na kengele zimechelewa, tafuta kipande kinachofungulia msururu wa kengele, ambacho huenda kimelika au kimelegea mahali kilipokazwa. Vyote viwili vikichelewa pamoja, tatizo ni la mwendo wa saa yenyewe.

Pendulamu ya Westminster ina urefu wa mita 4.4 na uzito wa kilo 310, na hupiga mara moja kila sekunde mbili. Juu yake huwekwa sarafu za zamani za peni moja, na kila sarafu inayoongezwa huiharakisha saa kwa sekunde 0.4 kwa siku, kwa kuwa inapandisha kidogo kitovu cha uzito wa pendulamu na kuifanya ibembee upesi zaidi. Sarafu ikiondolewa, saa hupunguza mwendo kwa kiasi hichohicho. Naupenda utaratibu huu kwa sababu hauhitaji saa kusimamishwa, na kwa sababu unamlazimisha fundi kurekebisha kidogo kidogo na kungoja hadi kesho aone matokeo. Kuna watu hugeuza nati ya kurekebisha pendulamu mara tatu kwa siku moja, kisha hushindwa kujua ni badiliko lipi lililofanya nini.

Sarafu, hata hivyo, ni za kosa dogo na la kila siku. Saa iliyokuwa sahihi jana ikichelewa ghafla dakika kadhaa, usiongeze sarafu. Toka nje utazame nyuso za saa. Mwaka 1949 kundi la ndege lilitua juu ya mshale wa dakika, wenye urefu wa mita 4.2, likauchelewesha kwa dakika nne na nusu. Mwishoni mwa 1962 theluji na barafu vililemea mishale, pendulamu ikajitenga na mtambo kama ilivyobuniwa kufanya ili gia zisivunjike, na Mwaka Mpya ukagongwa ukiwa umechelewa kwa takriban dakika tisa. Katika visa vyote viwili mtambo wa ndani ulikuwa mzima kabisa, na mtu aliyeugusa angeleta kosa jipya juu ya lile la zamani. Kwetu hakuna theluji, lakini kuna viota vya ndege na mvua za upepo.

Sababu moja ya ucheleweshaji haimo mnarani. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mbali kiasi hicho na mnara husikia pigo sekunde moja baada ya kupigwa. Mawimbi ya redio hayana uvivu huo. BBC ilitangaza kengele hizi mara ya kwanza usiku wa 31 Desemba 1923, kwa maikrofoni iliyokuwa karibu nazo, na tangu hapo imekuwa kweli kwamba msikilizaji wa redio ya kawaida aliye maelfu ya kilomita mbali huweza kulisikia pigo kabla ya mpita njia aliye upande wa pili wa mto Thames. Redio ya kidijitali na matangazo ya intaneti yamegeuza jambo hilo, kwa kuwa hukusanya na kufungasha sauti kabla ya kuituma, na huchelewa kwa sekunde kadhaa. Usitumie simu yenye intaneti kupima usahihi wa pigo la kwanza, kisha ukamlaumu fundi.

Wimbo umeruka mpangilio, au hesabu ya mapigo si sahihi

Katika saa nyingi za minara, idadi ya mapigo huamuliwa na gurudumu lenye nafasi zinazozidi kupanuka, ambalo husonga mbele kwa mfuatano bila kujua mishale iko wapi. Msururu wa kengele ukikosa zamu moja, kwa mfano kwa sababu uzito ulifika chini, kila saa inayofuata itagongwa kwa hesabu ya iliyotangulia. Dawa yake ni kuufungulia msururu huo kwa mkono, ukiuacha ugonge na kuhesabu, mpaka ulingane na mishale. Usirudishe mishale nyuma kuzifuata kengele, maana hivyo ndivyo vipande vya kufungulia hupinda.

Kwa saa ya ukutani ya nyumbani, sikiliza robo ya kwanza. Ukisikia vifungu viwili badala ya kimoja, wimbo umetangulia robo. Saa nyingi za karne ya 20 zina kifaa cha kujisahihisha ndani ya saa moja au mbili, kwa hiyo iache izunguke kwanza. Ukisogeza mshale wa dakika, usogeze mbele tu, na usimame kila robo wimbo uishe. Kama mpangilio ni sahihi ila noti moja haisikiki kila inapofika zamu yake, huo si ugonjwa wa mtambo, ni nyundo moja iliyokatika waya au iliyokwama.

Wimbo unakwenda polepole mno, au mbio mno

Wimbo wa polepole kwa kawaida hauna hatari: mafuta yameganda kwa baridi au yamechanganyika na vumbi, au beringi zimechakaa. Mwaka 2007 Westminster kengele zilinyamazishwa kwa wiki kadhaa kuanzia Agosti ili beringi zilizochoka zibadilishwe, na mishale ikaendeshwa kwa mota ya umeme wakati huo. Safisha, paka mafuta mepesi, angalia kama kila nyundo inainuka bila kukwaruza, na mara nyingi kasi hurudi.

Wimbo wa mbio ni jambo jingine, na ningependa kila mtunza mnara alisome hili mara mbili.

Kinachozuia chuma cha uzito kisianguke kwa kasi wakati kengele zinalia ni mabawa mawili mapana yanayozunguka mwishoni mwa msururu wa gia. Kadiri msururu unavyotaka kukimbia, ndivyo hewa inavyoyakinza mabawa hayo na kuupunguza mwendo. Ni breki isiyo na kitu cha kulika isipokuwa mhimili wake. Mabawa mazuri hushikiliwa kwenye mhimili kwa meno au springi inayoyaruhusu kuendelea kuzunguka kidogo msururu unapofungwa, ili nguvu ya mzunguko isiukamue mhimili. Kiungo hicho kikishikana kwa kutu, kila wimbo unapokwisha mhimili hupata mnyongo mmoja, na kwa robo nne kila saa, mhimili hunyongwa karibu mara mia moja kwa siku.

Alfajiri ya 5 Agosti 1976, ilipokuwa saa kumi kasorobo, mhimili wa mabawa katika msururu wa robo wa Westminster ulikatika. Chuma ni kama mtu, huchoka kwa kurudiwarudiwa na jambo dogo, na huu ulikuwa umekusanya uchovu wa zaidi ya miaka mia moja, huku ufa ukikua ndani bila kuonekana. Mara breki ilipopotea, chuma cha uzito kilianguka bila kizuizi, ngoma iliyozungushiwa waya ikazunguka kwa kasi ya kutisha na kung'oka mahali pake, na vipande vya gia vikaruka chumba kizima. Saa ilisimama siku 26 kwa jumla katika muda wa miezi tisa ya matengenezo, hadi ilipozinduliwa upya tarehe 9 Mei 1977. Kengele hazikuguswa. Zilikuwa juu, zikingoja nyundo ambazo hazikuja.

Basi ukisikia wimbo unaongeza mwendo hata kidogo wiki hadi wiki, usingoje. Zuia msururu, na ushushe au ufunge chuma cha uzito kabla hujaingiza mkono mahali popote, kwa kuwa uzito uliopandishwa juu ni nguvu iliyohifadhiwa na haina subira na kosa la mtu. Kisha angalia kama mabawa yamelegea kwenye mhimili, kama kiungo chake kinateleza inavyopasa, na kama kuna nyundo iliyojitenga, kwa sababu nyundo isiyofanya kazi huupunguzia msururu mzigo na kuuharakisha. Macho hayatoshi kwa mhimili wa zamani. Uchovu wa chuma hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa rangi inayopenya nyufa, na mtunza mnara asiye na vifaa hivyo afadhali alipe mwenye navyo.

Mlio umekuwa mkavu, umekatika au unakwaruza

Hili ndilo tatizo linalotia hofu kuliko yote, na ndilo ambalo mwaka 1859 lilishughulikiwa kwa hasira badala ya uangalifu.

Anza na sababu nafuu. Nyundo inapaswa kupiga na kurudi papo hapo, ikatulia mbali kidogo na kengele. Ikibaki imeegemea, huizima sauti kama kiganja kilichowekwa juu ya ngoma. Chunguza springi au mpira unaoirudisha, na urefu wa waya, ambao hubadilika na joto. Halafu tazama uso wa nyundo na mahali inapopigia: kama pamelika na kuwa bapa, mlio hupoteza uangavu wake. Kagua pia bolti zinazoitundika kengele, kwani zikilegea husikika mtetemo wa chuma juu ya chuma unaofanana sana na mlio wa ufa.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo useme ufa. Gonga polepole kwa nyundo ndogo ya mbao kuzunguka mdomo mzima na usikilize mahali ambapo sauti inakatika mapema au inazizima.

Westminster imepasua kengele kubwa mbili. Ya kwanza, ya takriban tani 16, ilimiminwa Agosti 1856 katika eneo la Stockton-on-Tees, ikapasuka Oktoba 1857 ilipokuwa ikijaribiwa uani chini ya mnara. Ya pili, ndiyo iliyopo leo, ilimiminwa Whitechapel, jijini London, tarehe 10 Aprili 1858, ikaanza kugonga saa 11 Julai 1859, na kufikia Septemba ilikuwa na ufa. Mbunifu wa saa, Edmund Beckett Denison, aliwalaumu wamiminaji, na ugomvi ulifika mahakamani. Lakini nyundo aliyoiagiza yeye mwenyewe ilikuwa na uzito wa zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho wamiminaji walikiruhusu, na mchanganyiko wa shaba aliouchagua, sehemu 22 za shaba nyekundu kwa sehemu 7 za bati, ulikuwa na bati jingi. Bati huipa kengele ugumu na sauti kali, na kadiri linavyozidi ndivyo chuma kinavyovunjika kwa urahisi kama kioo. Nyundo nzito juu ya shaba ngumu, hapo kengele ilikuwa na kosa gani?

Kwa karibu miaka minne saa iligongwa na kengele kubwa kuliko zote za robo. Kisha mwanafalaki George Airy akashauri tiba ambayo hadi leo naiona kuwa mfano bora wa kazi yetu. Kengele haikuteremshwa wala kuyeyushwa. Iligeuzwa ili nyundo ipige mahali penye uzima, kipande kidogo cha mraba kikakatwa penye ufa ili usiendelee kutambaa, na nyundo nyepesi ikawekwa. Big Ben imegonga hivyo tangu 1863, ikiwa na ufa wake, na ule mlio wenye mtetemo kidogo ambao dunia inautambua redioni umetokana kwa sehemu na jeraha hilo.

Anayekuta ufa katika kengele yake na asimamishe nyundo siku hiyohiyo, aweke alama ya rangi mahali ufa unapoishia, na apime tena baada ya mwezi kujua kama unatembea. Asikubali kuunganishiwa kwa moto na fundi wa kawaida wa kuchomelea, kwa sababu shaba ya kengele ikipashwa joto mahali pamoja hupasuka pembeni ya kiungo. Aulize kama kengele inaweza kugeuzwa kwenye bolti zake. Na kabla ya kurudisha nyundo yoyote, aipime kwenye mizani na kulinganisha uzito wake na ule ulioruhusiwa na mmiminaji.